Bustani ya Bububu, Usiku

Jumamosi, 10 Februari 2024

Sanduku la kaka limefika kutoka Maskati. Juu kaweka halua na ubani, chini kaweka taa za sola: sita za kuchomeka ardhini na mbili za ukutani. Nimempigia kumshukuru, akanikatiza. "Za Mama hizo, dada. Njia ya bombani."

Alipokuja Disemba alimwona Mama akipapasa ukuta alfajiri kwenda kutia udhu. Bomba la ndani lipo, tumelitia miaka mingi, lakini udhu wa Mama ni wa nje, chini ya mkomamanga, tangu alipoolewa katika nyumba hii ya Bububu. Sasa amevuka themanini na mtoto wa jicho ameshaanza kumziba jicho la kushoto. Daktari anataka kumpasua. Mama anasema baada ya Mfungo, si kabla. Mie simlazimishi. Lakini kati ya mlango wa nyuma na lile bomba kuna mizizi ya mwembe, kuna ukingo wa tuta la mchicha, na kuna kidaraja cha mawe alichokijenga marehemu Baba ambacho hakuna anayethubutu kukivunja.

Zinaitwa taa erevu. Zinasikilizana na simu, zinajua magharibi imeingia, zinamtambua anayepita. Nimefundisha biolojia muda mrefu na neno hilo silitoi kwa urahisi. Tutaona.

Jumatatu, 12 Februari

Jana usiku tuliziwasha. Zimetoka kiwandani zimepangwa kwenye weupe mkali, ule unaoandikwa 6500 kwenye kasha, na uani kukawa kama gati ya bandari wakati wa kupakua meli. Watoto wa jirani walipiga vigelegele. Mama akasimama mlangoni, mkono mbele ya uso.

"Zima, mwanangu. Sasa ndiyo sioni kabisa."

Ana haki. Lenzi ya jicho lake imeingia ukungu. Mwanga mkali ukilipiga jicho moja kwa moja hutawanyika mle ndani, na mbele ya mtu kukabaki pazia jeupe. LED nyeupe yenyewe, kwa asili, ni LED ya buluu iliyopakwa fosfori ya njano juu yake. Buluu hiyo ndiyo iliyowapa Akasaki, Amano na Nakamura Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2014, na nawaheshimu kwa dhati, maana ndiyo iliyowatoa watu wengi wa vijijini kwenye koroboi na moshi wake. Ila mwanga wa kusomea si mwanga wa kupitia njia usiku.

Kwa bahati kila taa ina vijitaa vya aina mbili ndani yake, vyeupe na vya rangi ya kaharabu. Asubuhi nilikaa na simu barazani, nikaziondoa zote kwenye weupe nikaziweka kwenye kaharabu, kiasi cha kelvini 2200, nguvu asilimia 20. Kadiri namba ya kelvini inavyoshuka ndivyo rangi inavyosogea kwenye moto wa kuni. Kisha nikakata makopo ya maziwa nikatengeneza vikofia, ili mwanga usitoke kando wala usipande juu, uanguke chini tu, kwenye mguu unapokanyaga. Taa zenyewe nimezishusha chini ya goti.

Usiku Mama alitoka na fimbo yake. Akafika kwenye kidaraja, akasimama, akatazama chini. "Hapa sasa naona jiwe la baba yako."

Jumapili, 18 Februari

Kutwa nzima nimeshughulika na sensa za taa, vile vihisi vinavyoziamsha mtu akipita, na nataka kuandika kila kitu kwa sababu kijitabu kilichokuja na taa hakisemi lolote la maana.

Sensa hii haimwoni mtu. Inaona joto linalosogea. Mbele yake pana kioo cha plastiki kilichogawika vipande vingi vidogo, kila kipande kinatazama upande wake. Mwili wenye joto ukitoka kwenye eneo la kipande kimoja ukaingia la kingine, taa inaamka. Kwa hiyo anayekatiza mbele yake huonekana upesi, na anayeijia uso kwa uso huchelewa kuonekana, kwa sababu anakaa muda mrefu ndani ya kipande kilekile. Kasha linasema mita nane. Kwa Februari yetu nimepata tano, si zaidi. Hewa ya usiku wa kaskazi iko kwenye nyuzi 27 au 28, ngozi ya mtu iko kwenye 33 hivi. Tofauti ni ndogo, na sensa inaishi kwa tofauti hiyo.

Sasa mwangalie Mama. Anatembea pole, tena anaielekea taa moja kwa moja, maana njia yetu imenyooka. Taa ya kwanza iliwaka akiwa ameshaifikia. Kijana mwenye haraka asingeona shida yoyote, na nadhani vitu hivi vinajaribiwa na vijana wenye haraka. Nimezihamisha zote kutoka mwisho wa njia nikaziweka ubavuni, kila moja inatazama kwa kukatiza. Mara moja mambo yakabadilika: anatoa mguu nje, taa imeshamwona.

Likabaki suala la muda. Kiwandani wameweka sekunde ishirini. Katika sekunde ishirini Mama hajafika kwenye asumini, na akifika kwenye asumini lazima asimame anuse, na akisimama bila kujongea sensa inadhani ameondoka. Nilimkuta amesimama gizani katikati ya njia, anangoja taa irudi, hana wasiwasi, anasema tasbihi. Mie nilikuwa na wasiwasi kwa niaba yake. Nimeweka dakika mbili. Na nimeziambia zisizimike kabisa kati ya magharibi na saa nne, wala kuanzia saa kumi za alfajiri mpaka kupambazuke. Zikae kwenye asilimia tano, kiasi cha kujua njia iko wapi, kisha zipande mtu akipita. Katikati ya usiku zizime zote, isipokuwa mtu akitoka.

Hapo nakubali kuwa simu imesaidia. Taa ya sola ya zamani, ile ya kuwaka jua likizama na kufifia betri inapochoka, isingeweza kupangwa kufuata mwendo wa mama mzee.

Jumatatu, 4 Machi

Leo jua limepita utosini. Saa sita na dakika thelathini na tano nilisimama uani. Nguzo ya kamba ya nguo haikuwa na kivuli. Unguja iko kiasi cha digrii 6 kusini mwa ikweta, kwa hiyo hili hututokea mara mbili kwa mwaka, mwanzo wa Machi na tena mwanzo wa Oktoba. Nilipokuwa nafundisha nilikuwa nawatoa wanafunzi nje siku hii. Leo nilimtoa Mama. Alitazama miguuni akacheka.

Kuanzia kesho jua linahamia upande wa kaskazini, na Juni adhuhuri litakuwa kama digrii 30 kutoka utosini. Taa za ukutani zina paneli zinazogeuka, nimezielekeza kaskazini, mwinamo wa digrii 15 hivi. Kwa jua la mwaka mzima hata mwinamo mdogo zaidi ungetosha, lakini paneli iliyolala kabisa hukusanya vumbi, chumvi ya bahari na uchafu wa kunguru. Kunguru hawa wa Bara Hindi waliletwa Unguja miaka ya 1890 wale taka za mji, na mpaka leo wametamalaki. Paneli iliyoinama husafishwa na mvua. Iliyolala nitaisafisha mie.

Hesabu niliyoifanya ukingoni mwa gazeti, naihamishia hapa isipotee:

Paneli ya wati 2, saa tano za jua zuri, inaleta wati-saa 10. Toa theluthi inayopotea njiani, kwenye joto na kwenye kuchaji, inabaki 6 na nusu. Taa ya nusu wati ikiwaka usiku kucha wa saa kumi na mbili inakula 6. Yaani inatosha kwa shida, wakati wa kiangazi. Masika ikija, siku ya mawingu mazito naweza kupata saa mbili tu za jua: wati-saa 2.7 zinazofika kwenye betri. Taa ile ile itazimika usiku wa manane, yaani kabla Mama hajaamka.

Lakini taa ikikaa kwenye sehemu ya kumi ya wati, hata kama haizimi usiku kucha, inakula 1.2. Kila mtu anapopita ikapanda hadi wati 3 kwa dakika mbili, ni 0.1. Tukipita mara kumi, ni 1. Jumla 2.2, chini ya kile kinacholetwa na siku mbaya ya masika. Kwa hiyo kufifisha taa wakati hakuna mtu si uchoyo. Ndiko kunakoifanya iwepo saa anapoihitaji.

Jumatatu, 11 Machi

Tumezima zote, hata ya barazani, tukatoka kutazama mwezi. Umeandama. Mama hakuuona, nikamwelekeza kidole, akasema dua akitazama nilipomwelekeza.

Taa kubwa ya jirani, ile ya ukutani kwake inayotazama kwetu, ilikuwa inawaka wakati wote.

Ijumaa, 15 Machi

Mfungo wa nne. Baada ya tarawehe sikulala, nilikwenda kukaa karibu na mipapai.

Tunayo mipapai ya kike minne upande wa ukuta wa jirani na mitatu upande wa kisima, na dume mmoja katikati. Mpapai dume watu huukata, wanauona hauna faida, unaning'iniza vijiua vyake virefu bure. Bila huo mingine haizai. Chavua haiwezi kwenda yenyewe. Inabebwa usiku, na wabebaji ni nondo wakubwa wenye mwili mnene na mrija mrefu, wanaosimama hewani wakinyonya. Dino Martins, mtaalamu wa wadudu wa Kenya, aliwachunguza kwenye mashamba ya mapapai, na amewaeleza wakulima wa Bonde la Kerio kuwa mavuno yao yanategemea wadudu hawa wasioonekana mchana. Ua dume linatoa asali na harufu jioni. Ua jike halina asali. Nondo hulitembelea kwa kulidhania dume, na kwa kudanganyika huko ndiko tunakopata papai la ftari.

Nimewaona watatu. Upande wa kisima, kwenye giza. Walikuja, wakasimama mbele ya ua, wakaenda kwa jingine, kazi safi. Upande wa ukuta, chini ya taa nyeupe ya jirani, kulikuwa na kundi la wadudu wadogo wakizunguka taa, na nondo mmoja mkubwa aliyepita mara kadhaa akipinduka, mpaka akaanguka kwenye majani.

Mpwa wangu aliniletea makala iliyotoka mwishoni mwa Januari mwaka huu. Samuel Fabian na wenzake wamewapiga wadudu picha kwa kamera za kasi kubwa, wakaonyesha kuwa mdudu arukaye karibu na taa ya usiku huuelekezea mwanga mgongo wake. Kwa mamilioni ya miaka upande wenye mwanga zaidi ulikuwa juu, mbinguni. Mgongo ukiutazama, mdudu anajua amekaa sawa. Taa ikiwekwa ubavuni mwake, anaegemea, anapinda, hatoki tena. Nimefundisha darasani kwa miaka kuwa wadudu huvutwa na taa, kama vitabu vyote vilivyoeleza. Sasa nikiwatazama nawaona wamenaswa, na moyo unaniuma.

Na si wao tu. Mwaka 2017 Eva Knop na wenzake huko Uswisi waliweka taa kwenye majani ya malisho yasiyokuwa na mwanga, wakahesabu wadudu wa usiku wanaotembelea maua. Penye taa, ziara zilipungua kwa asilimia 62. Mmea mmoja waliousoma kwa karibu ulizaa pungufu kwa asilimia 13, ingawa nyuki wa mchana walikuwepo.

Wadudu wengi hawaioni sana rangi ya kaharabu. Buluu na urujuani ndizo zinazowashika. Kwa hiyo taa ile ile ninayomwekea Mama kwa ajili ya jicho lake, ya chini, ya rangi ya moto, iliyofunikwa juu, inayozima mtu akishapita, ndiyo pia inayowaacha nondo na kazi yao. Sikuipanga hivyo. Nimefurahi sana usiku huu kuligundua.

Jumatatu, 25 Machi

Mwezi mpevu. Taa za ardhini hazina kazi, nimezizima kwa simu mpaka alfajiri.

Saa tisa usiku taa ya ukutani imewaka yenyewe. Komba wawili juu ya ukuta, macho mekundu, wanalitazama papai lililoanza kuiva. Taa ikazima, wakaendelea.

Jumanne, 2 Aprili

Umeme umekatika usiku, tukala daku kwa taa za bustani: nimeng'oa mbili ardhini nikazisimamisha kwenye jagi la maji mezani. Katika weupe wake mkali, safari hii, na Mama ameketi kuzipa mgongo. Hapo weupe ule una mahali pake.

Wajukuu hawajui giza. Wameuliza kama litakwisha kesho. Nikawahadithia mwaka 2008, waya wa baharini ulipopata hitilafu mwezi Mei na kisiwa kizima cha Unguja kikakaa bila umeme kiasi cha mwezi. Na tena Disemba 2009 mpaka Machi 2010, miezi mitatu. Maji hayakupanda mnarani. Samaki hawakuwekwa barafu. Waliokuwa na jenereta mitaa yao haikulala kwa kelele, wengine tulinunua mafuta ya taa kwa bei iliyopanda kila wiki. Wanafunzi wangu wa kidato cha nne walisoma kwa mshumaa. Waya mpya, mkubwa zaidi, wa kutoka Ras Kiromoni hadi Fumba, ulianza kazi mwaka 2013, na hali si ile tena, lakini mtu aliyeishi miezi ile hawezi kuitazama paneli ndogo ya sola kama mchezo.

Jambo la kukumbuka nikiulizwa ushauri: taa hizi zinazungumza na simu kwa Bluetooth, moja kwa moja. Jirani wa pili ana za Wi-Fi. Usiku wa leo kisambaza intaneti chake kilizimika pamoja na umeme, naye alishindwa kuzipangia upya taa ambazo betri zake zilikuwa zimejaa. Taa ya jua iliyofungwa kwenye umeme wa ukutani kwa mlango wa nyuma! Jingine: programu ya simu ilitaka jina langu, barua pepe na mahali ninapokaa kabla ya kufunguka. Mahali inahitaji, ili ijue magharibi yetu. Barua pepe ya nini? Na siku kampuni ikiifunga programu hiyo, je? Nimejaribu: nikiiondoa simu kabisa, taa zinashika mpango wa mwisho. Bila jaribio hilo nisingemruhusu kaka azilete tena.

Jumanne, 9 Aprili

Kesho sikukuu. Nimechuma asumini kuanzia magharibi, vitumba vinafunguka mkononi, kwa mwanga wa kaharabu tu. Maua ya usiku ni meupe na yanaonekana hata kwenye mwanga hafifu kabisa, huo ndio mpango wake tangu awali. Mama amekaa kwenye kibao anafunga vikuba: asumini, rehani, kilua kimoja kwa kila kimoja. Vidole vyake havihitaji taa yoyote.

Jumapili, 5 Mei

Mamlaka ya Hali ya Hewa ilitutahadharisha tangu katikati ya wiki juu ya Kimbunga Hidaya. Jana kimefika Mafia na kimepungua nguvu. Huku kwetu upepo na mvua, migomba miwili chini, mchicha wote umelala.

Taa mbili za ardhini zimekufa. Fundi amekuja leo na mfuko wake.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba. Tazama hizi, lakini nitakaa hapa hapa nione."

Moja maji yameingia. Kasha limeandikwa IP65, yaani vumbi haliingii kabisa na maji ya kurushwa kwa mpira hayaingii. Halisemi lolote juu ya kuzama, na taa ile ilikuwa kwenye dimbwi usiku mzima. Amekausha, akasafisha kutu ya kijani kwenye vichwa vya betri, akapaka grisi, akaziba mshono kwa silikoni. Chumvi ya hapa hula shaba hata bila mvua.

Ya pili ni betri. Hiyo niliibadilisha mwezi uliopita kwa betri ya dukani mjini, ya duara, ile inayoitwa 18650: milimita 18 upana, 65 urefu. Imeandikwa 9900 mAh ubavuni, yaani uwezo wake wa kuhifadhi umeme. Fundi akaiweka kwenye kiganja chake kimoja na ya asili kwenye kingine, akanipa zote mbili nizishike. Ya 9900 ni nyepesi. Betri ya umbo hilo, hata ya kampuni bora, kwa kawaida hufika 3500 hivi. Anayeandika 9900 anaandika uongo mtupu. Tena ni ya volti 3.7, na taa zetu zimetengenezewa za lithiamu na fosfati ya chuma, volti 3.2, ambazo uwezo wake ni mdogo zaidi, kama 1500 mpaka 1800, lakini zinastahimili joto na kuchajiwa mara elfu mbili na zaidi. Ukichanganya aina hizo mbili, chaja ya ndani haijui inachaji nini.

Ninaumia kuona watu wa kipato kidogo wanauziwa namba. Mama lishe anayenunua taa ili afunge biashara saa tatu badala ya saa moja, anaamini 9900 ni kubwa kuliko 1500, na kwa nini asiamini? Huko Kinyasini kipo kituo kinachowafundisha wanawake wa vijijini kuunda na kutengeneza vifaa vya sola, kwa mtindo ulioanzia Tilonia, India. Wengine wao hawakumaliza shule. Ningependa kila shehia iwe na mmoja wao anayekaa sokoni na mizani na mita ya volti.

Betri mbovu nimemkataza Fundi asizitupe jaani. Ziko kwenye mkebe wa bati, kivulini, vichwa vimefungwa utepe.

Jumamosi, 25 Mei

Nimekwenda kwa jirani. Nimelichelewesha hili kwa sababu ni mtu mwema na taa yake ina sababu: mwaka jana walimwibia pampu.

Nilichukua papai moja na moja kati ya taa zangu mbili za ukutani. Tukaamkiana, tukazungumza habari za kimbunga, akanikaribisha chai. Kisha nikamwambia.

"Taa yako inawaka usiku kucha, kaka. Ukiamka saa nane ukaikuta inawaka, unafanya nini?"

"Narudi kulala. Si iko kazini?"

"Na kama ilikuwa imezima, ikawaka ghafla?"

Akakaa kimya kidogo. "Ningeamka."

Sikumwambia zaidi juu ya ulinzi. Nilimweleza habari za nondo na mipapai, na hilo ndilo lililomgusa, maana naye anayo miwili nyuma ya banda lake na inazaa kidogo. Mkewe alitoka jikoni kusikiliza. Yeye akasema kuwa chumba cha watoto hakijawahi kuwa na giza tangu taa ile itundikwe, na kwamba mdogo halali vizuri.

Tumeifunga ya sensa juu ya banda la pampu, inatazama kwa kukatiza njia anayopita mtu akitoka barabarani, kikofia cha bati juu yake. Ile kubwa ameahidi kuizima kwa wiki moja ya majaribio. Nimemwomba tu iwe wiki yenye mwezi mdogo, ili jaribio liwe la haki.

Alhamisi, 20 Juni

Jua limefika mwisho wake wa kaskazini leo. Kipupwe kizuri, mbingu kavu. Adhuhuri kivuli cha ile nguzo ya kamba kimeelekea kusini, kirefu kupita nusu ya urefu wa nguzo yenyewe. Taa ya ukutani iliyobaki imejaa kabla ya alasiri. Taa ya chini ya mkomamanga ndiyo dhaifu: kwa mwinamo huu wa jua, kivuli cha mwembe kinaiangukia tangu saa tano, na hiyo ndiyo taa ya bombani, muhimu kuliko zote. Nimeinua nguvu ya zile mbili zilizo kando yake ili kuifidia, lakini hiyo si dawa. Inataka paneli ya mbali, ikae juu ya paa la kisima, na waya.

Taa kubwa ya jirani haijarudi kuwaka. Majaribio ya wiki yamepita kimya kimya, hakuna aliyeyataja. Mipapai minne ya upande ule inatoa maua. Kama vijipapai vitashika nitaona Agosti na Septemba, na mvua ya Mei nayo ina lake, kwa hiyo sitaharakisha kutoa hukumu. Lakini jana usiku nilimwona nondo mkubwa ukutani pale, amesimama hewani mbele ya ua, mrija umenyooka, wala hapinduki.

Mama kapangiwa kupasuliwa jicho la kushoto Julai. Ameniuliza kama daktari atamrudishia jicho la kuona mwezi. Nimemwambia in shaa Allah, na kwamba baada ya operesheni jicho litahisi mwanga mkali kwa siku kadhaa, hivyo taa zitabaki na rangi hii hii.

Kaka amepiga usiku. Anataka kuleta sanduku jingine, anauliza aongeze taa ngapi. Nimemwambia asilete taa hata moja. Alete betri sita za volti 3.2, za fosfati ya chuma, zilizoandikwa uwezo wake wa kweli, na paneli moja ya wati 2 yenye waya wa mita kumi. Aliandika, akanisomea, nikamsahihisha volti.